Maneno ya Kiingereza yenye gh: anzia kwenye rafu, plau, drafti, taiti na donati

Swali: “Shikamoo mwalimu. Nilimaliza kidato cha nne, sasa nauza duka la vifaa vya shule na jioni najisomea Kiingereza. Rafiki yangu amenirushia orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza yenye herufi gh, yamepangwa kwa alfabeti, kila neno na maana yake. Usiku nayakariri, asubuhi yameshachanganyikana. Kinachonichosha zaidi ni matamshi: cough wanasema ‘kof’, though wanasema ‘dho’, na kwenye night hiyo gh haisikiki kabisa. Je, kuna kanuni yoyote, au ni kukariri tu? Na nianze na maneno gani?”

Marahaba, kijana wangu. Hiyo orodha iweke kando kwanza. Huenda maana zake ni sahihi kabisa. Tatizo ni mpangilio. Alfabeti inaangalia kichwa cha neno, na shida yako wewe iko katikati au mkiani. Mtu akipangiwa bough, bought, bright na brought mfululizo, yasichanganyike kwa nini? Tutayapanga upya kwa kutazama mambo mawili tu: irabu iliyotangulia gh, na mahali gh ilipokaa ndani ya neno. Ukishafanya hivyo, sehemu kubwa ya maneno hayo inafuata kanuni, na ya kukariri moja moja yanabaki kama ishirini hivi.

Na usidhani unaanza mikono mitupu. Beki akimkata mtama mshambuliaji tunasema amecheza rafu. Mwenye ng'ombe wa kazi analima kwa plau. Kijiweni watu wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Kuna anayevaa taiti chini ya gauni, na kuna anayeshushia donati kwa chai ya asubuhi. Maneno hayo matano yote yametokana na maneno ya Kiingereza yenye gh: rough, plough, draughts, tights na doughnut. Waliotuletea maneno hayo hawakujali Mwingereza anayaandikaje, walishika walichosikia. Kwa hiyo matamshi unayoyatafuta tayari unayo mdomoni. Katika rafu na drafti gh ni “f”. Katika plau, taiti na donati gh haipo, na irabu iliyobaki ni “au”, “ai” na “o”. Nitakuwa nikirudi kwenye haya matano kila tukikwama.

Sasa, kwa nini waandike kitu wasichokisema? Zamani walikisema. Kiingereza cha kabla ya mwaka 1066, mwaka ambao Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, kilikuwa na sauti ya kooni inayofanana na ile “kh” ambayo wazee wa pwani huitamka katika kheri au katika jina la Khamisi. Night iliandikwa niht, daughter iliandikwa dohtor, na hiyo h ilisomwa kwa koo. Wajerumani, ambao lugha yao ina undugu na Kiingereza, bado wanaisema: usiku ni Nacht, mwanga ni Licht, binti ni Tochter, nane ni acht. Kule Uskoti nako bado kuna watu wanaosema “nikht”. Makarani waliolelewa katika Kifaransa hawakuwa na sauti hiyo katika lugha yao, wakahangaika namna ya kuiandika. Wengine walitumia herufi yenye umbo kama tarakimu 3, iliyoitwa yogh. Mwishowe gh ikashinda.

Mwaka 1476 William Caxton akafungua mtambo wa kwanza wa kuchapa vitabu Uingereza, pale Westminster. Vitabu vikasambaa, na tahajia ikaanza kuganda. Sauti nayo haikungoja. Kati ya karne ya 15 na ya 17 ile “kh” ikafifia. Katika maneno mengi ikatoweka, katika machache ikageuka “f”. Ndiyo maana Mwingereza wa leo anaandika matamshi ya mababu zake. Sisi tahajia yetu kwa herufi za Kirumi ilisanifishwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930, juzijuzi tu kwa umri wa lugha, na ndiyo sababu mtoto wa darasa la pili anaweza kusoma sawasawa neno la Kiswahili ambalo hajawahi kulisikia. Anayekucheka kwa kukosea though anasahau kwamba hata watoto wa London hulikosea.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea: gh ya ghali, ghafla, ghorofa na lugha ilitujia na maneno ya Kiarabu, na haina uhusiano wowote na hii. Hakuna neno la Kiingereza ambalo Mwingereza hulitamka kwa sauti hiyo. Ukikuta gh kwenye Kiingereza, koo lipumzike.

Tuanze na kundi kubwa na lenye uaminifu kuliko yote, igh. Hapa taiti ndiye kiongozi: igh ni “ai”, basi. Ile “kh” ilipotoka iliacha irabu ndefu nyuma yake, “nikht” ikawa “niit”, kisha irabu ndefu za Kiingereza zikahama na “ii” ikawa “ai”. Ukilijua hilo utaona gh haikai bure. Inakuambia i hiyo usiisome fupi. Linganisha fit na fight, lit na light, sit na sight. Upande mmoja “i”, upande wa pili “ai”.

Kuhusu maana, mengi ya kundi hili unayajua, ila yana maana zaidi ya moja na hapo ndipo orodha nyingi hukwama. Light ni mwanga, na pia ni -epesi, kwa mzigo au kwa chakula. Right ni sahihi, ni upande wa kulia, na ni haki. Human rights ni haki za binadamu. Might kama nomino ni nguvu, ndiyo maana Mwenyezi wanamwita Almighty, lakini kama kitenzi kisaidizi ni “huenda”: it might rain, huenda mvua ikanyesha. Bright ni -enye kung'aa, na mtoto bright ni mwerevu. Sight ni uwezo wa kuona au kitu kinachoonekana, na imezaa insight, yaani kuelewa jambo kwa undani. Flight ni safari ya ndege. Pia ni kitendo cha kukimbia hatari, kwa sababu inatoka kwa fly na vilevile kwa flee. Tight ni -a kubana, fright ni hofu ya ghafla, high ni -a juu, thigh ni paja, sigh ni kushusha pumzi ndefu.

Matatu yanayofanana yanastahili kutazamwa pamoja: slight, plight na blight. Slight ni -dogo, kama a slight headache, kichwa kinachouma kidogo tu. Kama kitenzi ni kumdharau mtu kwa kumpuuza. Plight ni masaibu, na magazeti hulipenda: the plight of refugees, masaibu ya wakimbizi. Blight ni ugonjwa wa mimea, ule ambao wakulima wa nyanya na viazi wanauita bakajani. Njaa kubwa ya Ireland iliyoanza mwaka 1845 ilitokana na ugonjwa huo kuharibu viazi. Tangu hapo neno limepanuka, na chochote kinachoharibu mahali taratibu huitwa blight.

Knight ni askari wa farasi wa hadhi katika Ulaya ya zama za kati, na leo ni cheo ambacho mfalme wa Uingereza humpa mtu kwa heshima. Inatamkwa sawasawa na night. Zamani kila herufi ya knight ilikuwa na kazi, tangu k ya mwanzo mpaka gh, kitu kama “knikht”. Sasa zinazosikika ni n, i na t tu. Halafu kuna playwright, mwandishi wa tamthilia. Wanafunzi wengi huiandika playwrite kwa kuwa mtu huyo anaandika, na inaonekana ni akili kabisa, lakini wright ni neno la kale lenye maana ya fundi. Huyu ni fundi wa tamthilia.

Humo ndani kuna mgeni aliyevaa sare. Delight, furaha kubwa, ilitoka Kifaransa bila gh yoyote. Katika karne ya 16 watu wakaiona inalingana na light na bright, wakaivisha gh nayo. Vivyo hivyo haughty, -enye majivuno, iliyotoka kwenye neno la Kifaransa lenye maana ya -a juu. Ukiwahi kusikia kwamba kila gh ni kumbukumbu ya sauti ya kale, jibu ni kwamba nyingi ndiyo, hizi hapana.

Kundi la eigh ni dogo. Kwenye ndondi tunasema hevi weiti, na hiyo ndiyo sauti yake, “ei”: weight ni uzito, weigh ni kupima uzito, eight ni nane, neighbour ni jirani, freight ni shehena, neigh ni mlio wa farasi, sleigh ni gari la kuvutwa juu ya theluji, ambalo huku utaliona kwenye kadi za Krismasi tu. Yanayovunja kanuni ni mawili: height, kimo au urefu wa kwenda juu, na sleight, ambayo siku hizi huishi ndani ya sleight of hand peke yake, wepesi wa mikono wa mfanya kiinimacho. Haya mawili ni “hait” na “slait”. Yakariri, umemaliza.

Sasa aught na ought, maneno ambayo ukiyaandika kwa kubahatisha utakosea nusu. Yote mawili kwa kawaida ni “oot”, kwa hiyo sikio halikusaidii kuchagua kati ya a na o. Mengi yanayotumika kila siku ni vitenzi vya wakati uliopita, na hapo kuna njia rahisi: rudi kwenye kitenzi chenyewe. Teach na catch vina herufi a ndani yao, basi ni taught na caught. Think, bring, buy, fight na seek havina a, basi ni thought, brought, bought, fought na sought. Tena, bring ina r, kwa hiyo brought ina r. Buy haina r, bought haina r. Nimewaona watu wenye shahada wakiandika I brought a new phone wakitaka kusema wamenunua simu. Waliyoandika ni kwamba wameileta.

Ought pia husimama peke yake, na maana yake ni “kupaswa”: you ought to rest, unapaswa kupumzika. Ni laini kuliko must. Nought, au naught, ni sifuri au si kitu, na kutoka kwake ikazaliwa naughty: mwanzoni ilimaanisha mtu asiye na kitu, baadaye mtu mbaya, na leo ni mtoto mtundu. Wrought ilikuwa wakati uliopita wa work. Utaikuta kwenye wrought iron, chuma kilichofuliwa kwa nyundo. Fraught ni -enye kujaa jambo baya, kama fraught with danger, safari iliyojaa hatari. Distraught ni aliyechanganyikiwa kwa huzuni au wasiwasi. Onslaught ni shambulio kali.

Kisha tazama slaughter na laughter. Zimetofautiana herufi moja tu, s ya mwanzo, na matamshi yanaachana kabisa. Slaughter ni “sloota”, kuchinja. Laughter ni “laafta”, kicheko. Waingereza wenyewe hutaniana kwamba manslaughter, kosa la kuua bila kukusudia, ukiikata vibaya inakuwa man's laughter, kicheko cha mwanamume. Usiikate vibaya mahakamani. Laugh pamoja na watoto wake, na draught, ndiyo maneno ya kawaida ya upande huu wa au ambapo gh ni “f”. Draught unayo tayari, ni drafti. Zaidi ya mchezo, neno hilo lina maana ya upepo mwembamba unaopenya mlangoni au dirishani, na pia ya bia inayotolewa moja kwa moja kutoka kwenye pipa. Usiichanganye na drought, ukame, inayosomwa “draut”, ndugu wa plau kwa sauti. Hii drought ndiyo pekee ya kundi la ought inayokataa “oot”, na kwa bahati mbaya ndiyo utakayoihitaji zaidi ukisoma habari za nchi yetu.

Tumefika kwenye ough, ulikoanzia kulalamika. Hapa una haki kamili. Nitakupa kwa familia za sauti, siyo kwa alfabeti.

Familia ya donati ni “o”: dough ni unga uliokandwa, though ni ingawa, although vilevile, na furlough, “falo”, ni likizo ya mwajiriwa au ya askari, wakati mwingine isiyo na malipo. Familia ya plau ni “au”: plough yenyewe, bough ambayo ni tawi kubwa la mti, na drought tuliyoiona. Familia ya rafu ni “af”: rough ni -a kukwaruza, isiyo laini au isiyo kamili, ndiyo maana tuna daftari la rafu; tough ni -gumu, kwa nyama na kwa mtihani; enough ni -a kutosha. Familia ya nne ni “of”, na ina watu wawili tu wa maana: cough, kukohoa, na trough, hori la kulishia au kunyweshea mifugo. Through, “thruu”, ni kupitia au kupita ndani ya kitu, na inaishi peke yake bila ndugu wa sauti. Thorough, “thara”, na borough, “bara”, ni familia ya mwisho, ambamo mwisho wa neno unakuwa irabu dhaifu isiyo na mkazo.

Borough ni eneo la utawala ndani ya jiji. New York ina matano, London ina 32. Chanzo chake ni neno la kale la mji wenye ngome, ambalo pia limo ndani ya Edinburgh, nayo husomwa “Edinbara”. Kuhusu thorough kuna siri ndogo itakayokusaidia: thorough na through zilikuwa neno moja. Watu walilitamka kwa namna mbili, fupi na ndefu, mwishowe kila namna ikachukua maana yake. Kazi iliyo thorough ni ile iliyopita kila mahali mpaka mwisho, haikuruka kitu. Daktari akifanya a thorough check, amekupima kwa ukamilifu. Na thoroughfare ni barabara ya kupita, si ya kuishia ukutani.

Yanayowapiga chenga wanafunzi zaidi ni though, thought, through, thorough na tough, kwa sababu macho yanateleza juu yake. Ushauri wangu ni kutoyatazama moja moja. Tunga sentensi moja yenye yote, uisome kwa sauti kila siku mpaka ulimi uzoee. Mfano huu unatosha: Though the exam was tough, I thought it through and gave a thorough answer. Kwa masikio yetu ni hivi: “Dho dhi igzam woz taf, ai thoot it thruu end geiv a thara aansa.” Maana yake: ingawa mtihani ulikuwa mgumu, niliufikiria vizuri nikatoa jibu kamili. Angalia pia kwamba though inaanza na “dh” kama ya dhahabu, na yale mengine matatu ya th yanaanza na “th” kama ya thelathini. Mswahili hana sababu ya kukosea hapo. Sauti zote mbili tunazo. Anayezisema “z” na “s” ameacha mali yake nyumbani.

Kuna neno moja ambalo limegoma hata ndani ya familia hizi. Slough ikiwa bwawa la tope, Mwingereza husema “slau”, Mmarekani mara nyingi “sluu”. Ikiwa ni nyoka anajivua gamba, wote wanasema “slaf”. Na uko mji unaoitwa Slough, magharibi mwa London, ambao ni “Slau”. Majina ya miji na ya watu usiyahukumu kwa kanuni hizi. Upo mji wa Loughborough katikati ya England, wenye ough mbili, ya kwanza “f” na ya pili irabu dhaifu: “Lafbara”. Na mchoraji Van Gogh, Mholanzi, Waingereza humwita “Gof”, Wamarekani “Go”, wakati Waholanzi wenyewe hulitamka kwa kukwaruza koo. Mtu wa Lamu au wa Unguja anayeijua kheri angekaribia zaidi kuliko wote hao.

Imebaki gh ya mwanzo wa neno. Hii haina utata: ni “g” ya kawaida daima, haiwi “f” na haiwi kimya. Ghost, mzimu, iliandikwa gast zamani. Caxton alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, ambako Kiflemi kiliandika neno hilo kwa gh, na mazoea hayo yakaingia kwenye vitabu vya Kiingereza. Kutoka hapo ukapata ghastly, -a kutisha, na aghast, aliyepigwa na butwaa kwa hofu. Mengine yote yametoka mbali: ghoul, zimwi la kula maiti, ni la Kiarabu, ghee ni samli, kutoka Kihindi, ghetto ni la Venice, ambako Wayahudi walitengewa eneo lao mwaka 1516, gherkin, tango dogo la kutia kwenye achari, lilipitia Kiholanzi. Spaghetti ina gh katikati, lakini ni Kiitalia, na huko h huwekwa ili g isilainike mbele ya e au i. Dinghy, mashua ndogo, na yoghurt, mtindi, nazo ni wageni. Gh yao ni “g”.

Kwa hiyo ukikutana na ule utani wa mtandaoni kwamba fish ingeweza kuandikwa ghoti, gh kutoka enough, o kutoka women, ti kutoka nation, utajua unapoanguka: gh ya mwanzo haijawahi kuwa “f”, na ti ya mwisho wa neno haijawahi kuwa “sh”. Wengi humpachika George Bernard Shaw utani huo. Lakini umo kwenye barua ya tarehe 11 Desemba 1855, na Shaw alizaliwa mwaka uliofuata. Barua hiyo mchapishaji Charles Ollier alimwandikia Leigh Hunt, mwandishi ambaye jina lake lenyewe lina gh isiyosemwa.

Mtego mdogo wa mwisho ni maneno mawili yaliyounganishwa, ambapo g ni ya neno la kwanza na h ni ya neno la pili: foghorn, honi ya kuonya meli wakati wa ukungu, doghouse, kibanda cha mbwa. Hapo tamka zote mbili, “fog-hoon”, “dog-haus”.

Umeuliza uanze na yapi. Wiki ya kwanza chukua igh peke yake, kwa sababu ukishika light umeshika na mengine yote. Kisha vitenzi vya taught na bought, kwa kuwa huwezi kusimulia jambo la jana bila hivyo. Ile ishirini ya ukaidi iache mwisho, na kila neno liingie kichwani likiwa ndani ya sentensi, si peke yake na maana yake pembeni. Duka la vifaa vya shule lina faida: andika tahajia mbele ya kadi na matamshi ya Kiswahili nyuma, uzipitie wateja wakipungua.

Kuhusu tahajia fupi unazoziona kwenye simu, thru, tho, nite: zina historia ya heshima kuliko unavyofikiri. Agosti 1906 Rais Theodore Roosevelt aliagiza mchapaji wa serikali ya Marekani atumie tahajia nyepesi za namna hiyo, zikiwemo thru na tho. Kabla mwaka haujaisha Bunge likampinga, naye akarudi nyuma. Gazeti la Chicago Tribune likajaribu tena kuanzia 1934, likashikilia kwa miaka mingi, mwaka 1975 likarudi kwenye through na though. Kilichobaki Marekani ni plow kwa plough na draft kwa draught. Shule zetu zinafuata tahajia ya Uingereza, kwa hiyo kwenye mtihani andika plough na through kwa ukamilifu, na kwenye meseji andika upendavyo. Isipokuwa kwikwi. Orodha yako bila shaka imekuandikia hiccough, inayosomwa “hikap”. Hiyo ough waliipachika kwa kudhani neno linahusiana na cough, na haihusiani. Hiccup ni ya zamani zaidi na inakubalika kila mahali. Andika hiccup, na neno moja la kukariri limepungua.